Je, kila anayepinga mamlaka anampinga Mungu? Tujadili

Mzee mmoja wa kanisa hapa Tabora alifunga mjadala wa darasa letu la Biblia kwa aya mbili: Warumi 13:1-2, kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na 1 Samweli 15:23, kwamba kuasi ni kama dhambi ya uchawi. Mzee wangu namheshimu sana, ila kwangu hoja haijaisha.

Hiyo ya Samweli, hebu tazameni nani aliambiwa. Si raia aliyemgomea mfalme. Ni Sauli, mfalme mwenyewe, aliyemwacha hai Agagi pamoja na mifugo minono ya Waamaleki. Mwasi pale ndiye mwenye kiti!

Panaponinyima usingizi ni 1 Wafalme 12. Watu walimwomba mfalme Rehoboamu awapunguzie mzigo wa baba yake Sulemani, akawajibu kwamba yeye atawapiga kwa nge. Makabila kumi yakamwacha, yakamfuata Yeroboamu. Mstari wa 19 unasema Israeli waliasi. Mstari wa 24, Mungu anamkataza Rehoboamu kupigana nao, kwa sababu jambo lile limetoka kwake. Halafu katika Hosea 8:4 Mungu huyohuyo analalamika kwamba wamejiwekea wafalme bila shauri lake. Na Yehu, jemadari wa Israeli, je? Anatiwa mafuta awe mfalme na aiangamize nyumba ya mfalme Ahabu, anasifiwa (2 Wafalme 10:30), kisha Hosea 1:4 inaidai nyumba ya Yehu damu aliyoimwaga Yezreeli.

Wapo wanaosema ni waandishi tofauti, basi wamegongana. Sikubali kuishia hapo. Ninavyosoma mimi, kutumwa na Mungu hakumwondolei mtu hesabu. Nabii Ahiya alimpa Yeroboamu makabila kumi kwa sharti la utii (1 Wafalme 11:38), naye akaenda kusimamisha sanamu za ndama za kuabudiwa Betheli na Dani. Yehu aliimaliza nyumba ya Ahabu, lakini ndama wale hakuwaacha. Mtawala na aliyempindua wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Hata Paulo, aliyeiandika Warumi 13, alipofungwa Filipi bila kuhukumiwa alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakubwa wa mji waje wamtoe wenyewe (Matendo 16:37). Huko ni kuiwajibisha mamlaka, na hakuna aliyemwita mwasi. Kwa hiyo muumini anapouliza mapato na matumizi ya kanisa, kumnyamazisha kwa Warumi 13 ni kumwonea, tena kwa jina la Mungu.

Sasa swali langu kwa wanaoona aya hiyo inatosha peke yake. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana na Wajerumani papa hapa Tabora hadi akafa mwaka 1893. Alikuwa mamlaka iliyotoka kwa Mungu, au alikuwa mwasi? Kama aligeuka kutoka la kwanza kwenda la pili, aligeuka siku gani, na nani aliyemgeuza: Mungu au bunduki?