Nimelipia muvi ya kanivali ya mwaka 1941, nikapewa kava ya kifaru, nyimbo zimekatwa na mwendawazimu ameandikwa "karanga"

Wakuu habari za jioni, samahani uzi ni mrefu ila nina hasira tangu Jumamosi na mke wangu kashachoka kunisikiliza, kaniambia nenda kawaambie wenzio huko kwenye simu, mimi niache nilale.

Nianze na mimi ni nani ili mnielewe. Kazi yangu ni michezo ya watoto. Nina bembea mbili, yale majumba ya upepo ya kuruka matatu (moja lina kiraka), jenereta na kirikuu cha kukodi. Sikukuu ikikaribia tunahama uwanja huu tunaenda ule, mvua ikinyesha siku ya Idi pili nimekwisha, hela ya mafuta sina, vijana wanataka posho na mwenye uwanja kakaa kwenye kiti cha plastiki anakutazama tu haongei. Kwahiyo nikiambiwa kuna muvi ya zamani ya kuchekesha inahusu watu wa kanivali (yale maonyesho ya bembea na michezo yanayohama mji hadi mji) waliofilisika, hiyo muvi ni yangu. Ni mimi humo ndani.

Muvi yenyewe inaitwa Road Show, ya Marekani, 1941, katengeneza Hal Roach. Huyu mzee ndo aliyekuwa anawatoa kina Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili, amezoea vichekesho vifupi vya hela ya kuunga unga, sio mapicha makubwa ya jeshi la watu elfu na majumba ya dhahabu. Hadithi fupi ni kwamba kuna tajiri mmoja anaitwa Drogo Gaines, siku ya harusi yake anagundua bibi harusi kapenda mfuko, basi anajifanya kichaa ili harusi ivunjike. Bibi harusi nae sio mjinga, anamfungia hospitali ya vichaa kweli kweli! Huko anakutana na mzee mmoja Kanali Carroway, anacheza Adolphe Menjou, wanatoroka wote wawili wanaangukia kwenye kanivali ya dada mmoja anaitwa Penguin Moore, kanivali ina madeni hadi kooni. Huyo dada ni Carole Landis. Nani asingelipa?

Nikaikuta kwenye aplikesheni moja, sitaitaja jina. Nikalipa elfu nne mia tano kwa simu, nikanunua na bando la usiku.

Sasa angalia. Kwanza KAVA. Kava ina kifaru, ina ndege mbili za kivita, ina moto, na juu yake wameandika "Vita Kuu ya Pili ya Dunia". Nikasema labda wamekosea kuweka kava, nikafungua. Wadau, mle ndani hakuna mwanajeshi hata mmoja wa kupiga bunduki, huyo Kanali mwenyewe katokea wodini kwa vichaa. Muvi imetoka mwanzoni mwa 1941, Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, imepigwa na Wajapani tarehe 7 Desemba mwaka huo huo, maana yake watu wanapiga hii picha Marekani haijaingia vitani kabisa, huko Ulaya ndo kunawaka. Hawa jamaa wameona tu namba 1941 wakabandika kifaru, basi imeisha hiyo.

Na kinachoniuma, vita vyenyewe vilikuja kuigusa hii muvi vibaya sana, ila sio kwa kifaru. Marekani ilivyoingia vitani, studio ya Hal Roach pale Culver City ilichukuliwa na jeshi la anga, ikawa kiwanda cha filamu za kufundishia wanajeshi, watu wakaipachika jina Fort Roach. Reagan huyu huyu aliyekuja kuwa rais wa Marekani alikuwa anafanya kazi humo na sare zake. Yaani sehemu iliyotoa kichekesho cha kanivali mwaka jana, mwaka unaofuata inafundisha watu kurusha ndege. Huyo Carole Landis nae mwishoni mwa 1942 akaondoka na wasanii wenzie watatu wakaenda kuwatumbuiza askari Uingereza hadi Afrika Kaskazini. Alikufa 1948 ana miaka 29. Ukitaka kuweka kava ya vita weka picha yake yupo na askari huko Algeria, mimi nisingesema neno!

Na kanivali za ukweli pia. Januari 1942 serikali ya kule ikaanza kugawa matairi kwa kibali, mwisho wa mwaka petroli nayo ikawa ya kadi nchi nzima, magari yakaambiwa yasizidi maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56. We fikiria una malori ya bembea, gurudumu la kupanda watu, mahema, na unatakiwa kuhama mji hadi mji kila wiki, halafu vijana wako wenye nguvu wote wamechukuliwa jeshini. Mimi hapa tairi moja la kirikuu likipasuka Kibaha nalia. Ndo maana nasema picha kama hii ukiangalia kwa jicho la mtu wa kazi inakuchoma, sababu unawaona wanacheka pale kwenye madeni yao na unajua mwaka unaokuja hata hilo lori halitatembea.

Haya turudi kwenye malalamiko maana nimeanza kuhubiri.

Pili, MAANDISHI YA KISWAHILI. Wameweka mashine itafsiri halafu hakuna binadamu aliyepitia. Kanivali ina yule mtu anasimama mlangoni anaita watu, njooni njooni muone maajabu, sisi tuna neno lake zuri kabisa, MPIGA DEBE, hata mtoto wa Ubungo analijua. Kwa Kiingereza anaitwa "barker", na bark ni kubweka, basi wao wameandika "mbwekaji". Mbwekaji! Nikakaa nasubiri mbwa atokee. Gari la zimamoto, "fire engine", limeandikwa "injini ya moto", nikadhani kuna kitu kinaungua. Mwendawazimu ameandikwa "karanga", maana Waingereza kichaa wanamwita "nut". Nusu saa ya kwanza sehemu kubwa ni mambo ya vichaa kwahiyo nimesoma karanga, karanga, huyu ni karanga, daktari wa karanga, hadi mtoto wangu wa miaka saba akauliza baba hii muvi ni ya wakulima?

Tatu, na hapa ndo nilipovua miwani, NYIMBO. Hii muvi nyimbo zake kaandika Hoagy Carmichael, yule wa ule wimbo maarufu Stardust. Na humo ndani kuna kundi la waimbaji weusi wanaitwa The Charioteers, vijana waliotokea chuo cha Wilberforce kule Ohio, chuo cha watu weusi, wamenolewa kwenye nyimbo za dini hadi sauti nne zinaingiana kama mtu mmoja. Mimi nusu ya sababu ya kulipa ilikuwa ni wao. Nasubiri. Dakika ya 41 Penguin amesimama karibu na gari la ngazi, anafungua mdomo aongee, PAP, yuko sehemu nyingine, nywele zimekaa vingine, kofia haipo, na watu wanapiga makofi. Wanampigia nani? Nikarudisha nyuma mara nne nikidhani bando. Hakuna. Wamekata. Mbele tena kuna sehemu watu wanatingisha vichwa na kugonga miguu ila sauti uliyosikia ni kinanda cha kompyuta, kile cha matangazo ya viwanja, tiri tiri tiri, wamefuta sauti yote wakabandika hiyo, nadhani wanaogopa wenye haki za nyimbo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Zamani zile wasanii weusi Hollywood walikuwa wanawekewa wimbo wao pembeni ya hadithi, wanatokea wanaimba wanaondoka, hawaongei na yeyote, na ikifika miji ya kusini mwa Marekani mkaguzi wa filamu anachukua mkasi anawatoa na hadithi inaendelea kama hawakuzaliwa. Memphis kulikuwa na mwenyekiti wa bodi ya ukaguzi anaitwa Lloyd Binford, huyo alikuwa maarufu kabisa kwa kazi hiyo, hata Lena Horne, yule mwimbaji mweusi maarufu, kakatwa. Miaka themanini na kitu imepita, Binford kafa, na mimi Mwafrika nimekaa sebuleni kwangu Mbagala nimelipa hela yangu naletewa kazi ile ile ya mkasi, na aliyekata labda hata hajui anamkata nani! Ila zile sehemu mwigizaji Willie Best anafanywa mtu mweusi mwoga wa kuchekwa, hizo zote ZIPO, hazijaguswa, safi kabisa. Willie Best alianza kazi wakimtangaza kwa jina la "Lala na Kula", jamani, mtu mzima na kipaji chake. Na Mhindi Mwekundu wa kwenye kanivali anachezwa na George E. Stone, mzaliwa wa Łódź kule Poland, nayo ipo. Mkate basi vyote au msikate chochote.

Nne, rangi. Imepakwa rangi na kompyuta. Menjou ana uso wa chungwa na masharubu ya bluu. Nisimalizie.

Tano, dakika. Muvi ni dakika 87. Niliyopewa ni 61, na humo ndani dakika mbili ni nembo yao inazunguka na dada anasema karibu kwenye ulimwengu wa burudani.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza ikajibu mashine, "Asante mpendwa mteja, tatizo lako ni la thamani kwetu". Baada ya masaa mawili akaja dada wa kweli. Mazungumzo yalikuwa hivi, nakumbuka yote:

Mimi: Dada habari, muvi niliyonunua imekatwa, haina nusu saa nzima.
Yeye: Pole kaka, filamu za zamani zilikuwa fupi.
Mimi: Hii ni dakika 87 dada angu, iko wazi kila mahali.
Yeye: Hizo dakika ni za Marekani kaka?
Mimi: ....
Yeye: Kaka upo?
Mimi: Dakika za Marekani zikoje dada?
Yeye: Ngoja nimuulize supavaiza.

Supavaiza akaja na majibu ya kisheria, akaniambia muvi za zamani hazina mwenyewe, wao wanatoza gharama ya "kuandaa" tu, kwahiyo hela hairudi. Hapo nikaona huyu anafikiri mimi ni karanga kweli. Sheria ya Marekani ya 1909 naijua, haki ya picha ilikuwa miaka 28, ikifika mwisho mwenye mali anatakiwa aongeze, asipoongeza inaangukia kwa umma. Makampuni mengi madogo ya enzi hizo yalikuwa yameshakufa, hakuna aliyekumbuka kwenda kuongeza, ndo maana muvi kibao za miaka ya arobaini kila mwenye kompyuta anaweza kuuza. Sawa. Sijakataa. Lakini hata kama nazi imeanguka yenyewe njiani, ukiniuzia niuzie nazi, usiniuzie kifuu! Na hiyo gharama ya kuandaa mmeandaa nini? Nakala mmeiokota ile ya kukatiwa televisheni nadhani, maana zamani vituo vya tv vilikuwa vinapunguza hizi picha ziingie kwenye muda wao pamoja na matangazo, mkaongeza kinanda na kifaru.

Nikimwambia hivyo akaniandikia "sawa boss". Sawa boss!

Kuna mtu atakuja hapa kusema si uangalie bure tu mtandaoni, ulilipa ya nini. Mkuu, nililipa kwa sababu nilitaka kukaa na familia niangalie kitu kizima kisichogandaganda, na kwa sababu mimi mwenyewe naishi kwa watu kulipa mlangoni. Mtoto akilipa mia tano aruke dakika kumi, anaruka dakika kumi, saa yangu ipo shingoni. Upepo ukiisha katikati namrudishia au anaruka tena. Sijawahi kumwambia mtoto wa mtu dakika zako ni za Marekani.

Na nilichokiona cha muvi yenyewe nilikipenda, ndo ubaya. Ile namna Landis anavyohesabu madeni bila kukunja uso mbele ya vijana wake, hiyo sijafundishwa na mtu, naifanya kila Idi. Waandishi wake mmoja ni Harry Langdon, alikuwa mchekeshaji mkubwa kabisa wa picha zisizo na sauti, akashuka, hapa anaandikia wengine vichekesho ili ale. Unaona kabisa kuna mtu humo anajua kufilisika kukoje. Mwisho wao na hayo madeni ndo sijauona, dakika ya 61 imekata Kanali akiwa mbio, imeandikwa MWISHO.

Mwenye nakala nzima, dakika 87, nyeusi na nyeupe, Charioteers wakiwemo, naomba anitag, nitamlipa hata hiyo elfu nne na mia tano bila manung'uniko.

UPDATE: Leo asubuhi wamenitumia meseji kwamba kwa kujali wateja wamenipa zawadi ya filamu nyingine ya vita bure. Nimefungua. Jina wamebadilisha, kifaru kwenye kava wamekigeuza kinaangalia kushoto, ndani ni Drogo Gaines yule yule siku ya harusi yake. Hii ina dakika 54.