Kukata miti nyumbani: kampuni kubwa au mzee wa mtaani na wanawe? Tupeane uzoefu

Mama Wawili, Tabata
Wakuu, salaam. Leo alfajiri nimetoka nje nikakuta tawi la mwembe limelala juu ya tanki la maji. Tanki halijapasuka, lakini nguvu zimeniisha, maana hapo ndipo wanangu wanapoogea. Mwembe wenyewe aliupanda marehemu baba mwaka 1987, shina lake huwezi kulikumbatia peke yako. Nimewatumia picha kwa WhatsApp kampuni moja kubwa yenye ofisi mikoani, ndani ya dakika kumi wakajibu: milioni moja na laki sita, na mti ung'olewe wote. Hapa mtaani kuna mzee anafanya kazi hiyo na wanawe wawili na mkwe wake. Huyo kagoma kutaja bei mpaka aje auone, atakuja kesho. Waliopitia haya nisaidieni, sitaki kuupoteza mti wa baba kama hakuna sababu.

Mkwezi
Mzee. Akiharibu utamkuta msikitini Ijumaa, atakimbilia wapi?

Kaka Sinza
Dada, mimi naenda kinyume. Chukua kampuni. Unapewa mkataba, risiti ya EFD, na vijana wao kama wamesajiliwa WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mmoja akianguka analipwa. Huyo mtoto wa mzee akivunjika mguu uani kwako, hospitali ya mifupa MOI utampeleka kwa pesa yako na lawama za mtaa juu. Yamenikuta 2019, najua ninachosema. Aliyeanguka alikuwa kijana wa miaka 22, na mama yake mpaka leo nikipita ananiangalia chini.

Mtu wa Mbagala
Huu uzi umenirudisha mbali. Sijawahi kuyaandika haya, lakini ngoja niyaandike.

Tulikuwa na mkungu nyuma ya nyumba. Mnaujua mkungu matawi yake yanavyotanuka ghorofa ghorofa. Machi 2023 tukaita kampuni, wale wa magari ya rangi moja na vizibao vya kung'aa. Vijana wanne, chenso mbili, hata saa haikuisha. Waliukata kichwa, ukabaki kama nguzo. Tukalipa, tukafurahi nyumba imepata mwanga. Miezi michache baadaye kila kovu likatoa machipukizi, rundo, yamenyooka juu kama mishale. Kufika mwaka, mengine unene wake ni mkono wangu. Hakuna aliyetuambia kwamba chipukizi la namna ile limeshika juu juu tu kwenye ganda, halikuzaliwa ndani ya shina kama tawi lenyewe.

Ikafika Mei 2024, kimbunga Hidaya. Bibi alikuwa amelala chumba cha uani. Tukasikia mlio kama turubai linachanwa, kishindo, kisha giza. Rundo zima lilikuwa limenyofoka, limeangukia paa la uani na kuburuta waya wa umeme unaoingia ndani. Waya umelala juu ya bati. Mlango wa bibi ni wa grili.

Mama akataka kukimbilia. Nikamshika kiunoni, tukaanguka wote kwenye matope. Bibi anaita, "Nifungulieni, maji yanaingia." Nampigia kelele asiguse mlango, apande kitandani, na yeye masikio yake mazito. Mnaosoma hapa mlijue hili: taa za ndani kuzimika hakumaanishi waya umekufa.

Jirani akapiga TANESCO, halafu akampigia mzee mmoja wa Kizuiani anayekata miti na wanawe. Alifika na boda, mwanawe nyuma kavaa kamba ya manila begani kama mkanda. Nikamsihi akate lile rundo haraka. Akakataa. "Mwanangu, hapo hakiguswi kitu mpaka umeme ukatwe kule kwenye nguzo." Nilimchukia dakika ile, namuomba radhi mpaka leo. Alizunguka upande wa dirisha, akasimama mbali na ukuta, akaanza kumsemesha bibi kwa Kindengereko, kwa sauti kubwa, taratibu. Bibi akajibu. Wakaulizana kwao wapi, nani mtoto wa nani. Mvua inamwagika, wazee wanaulizana ukoo. Bibi akapanda kitandani, akatulia hapo mpaka mafundi wa TANESCO walipokuja kukata.

Alfajiri ndipo mzee akapanda. Kila kipande alikifunga kamba kwanza, mwanawe chini anakishusha polepole. Bati jingine hata moja halikuharibika. Laki mbili na themanini. Jumatatu nikaipigia ile kampuni, nikaambiwa nitume picha.

Dada Kigamboni
Jamani machozi. Bibi yupo?

Mtu wa Mbagala
Yupo, alhamdulillah. Kila Idi anauliza kama yule mzee amepelekewa pilau.

Mkwezi
Pole sana mkuu. Nami nilikuwa naukata mkungu wangu kichwa kila mwaka. Basi.

Kaka Sinza
Pole sana ndugu. Ila hiyo ni kampuni moja mbovu, msizihukumu zote.

Mtoto wa Fundi
Kaka Sinza, shida si ukubwa, shida ni nani anarudi kuutazama mti mwaka unaofuata. Baba yangu amefanya kazi hii tangu sijazaliwa, na mimi nipo naye. Kampuni inalipwa kwa kazi ya siku, kijana aliyekata leo kesho kapelekwa Dodoma. Sisi mti wa Kijitonyama tumeupogoa mara saba, tunajua unaegemea wapi.

Ukimuita mtu, mwangalie anavyokata tawi zito. Anaanza chini kwa msumeno, mkato mfupi. Kisha anakuja juu, mbele kidogo ya ule wa chini, tawi linadondoka bila kuchana ganda la shina. Mwisho anaondoa kisiki, na hafyeki mpaka usawa wa shina, anaacha ule uvimbe pale tawi linapoanzia, maana ndio unaofunga kidonda. Anayekata kwa mkupuo mmoja kutoka juu, mlipe nauli aondoke.

Mzee wa Ukonga
Umenena, kijana.

Bwana Tegeta
Na magogo ni ya nani? Mimi nilikatiwa mwembe, nikaingia ndani kunywa chai, natoka kirikuu imeshaondoka na magogo yote. Ukoo mzima wa mafundi umekana.

Mtoto wa Fundi
Kama hamkupatana, fundi anahesabu ni sehemu ya malipo.

Bwana Tegeta
Malipo gani wakati nimetoa laki nne taslimu? Huo ni wizi! Gogo la mwembe linachongwa mtumbwi, unajua bei yake?

Mtoto wa Fundi
Usituite wezi, mzee wangu. Useme kabla panga halijagusa mti. Baba huwa anauliza mwenyewe, wengine hawaulizi, nakubali.

Dada Kigamboni
Kisiki mwagia oili chafu, hakichipui.

Mzee wa Ukonga
Usifanye hivyo binti yangu, kisima kikiwa karibu utakunywa hiyo oili. Chimbua kidogo kidogo. Na Mama Wawili, kama utauondoa mti mzima, anza kwa mwenyekiti wa mtaa akupeleke kwa afisa mazingira wa halmashauri.

Mama Wawili, Tabata
Nimerudi, asanteni sana. Mzee amekuja na wanawe. Kwanza hakutazama juu, alizunguka shina anagonga kwa mgongo wa panga, ameinamisha sikio. Upande wa jikoni ukalia kama debe. Akafukua kwa kidole, akatoa unga na mchwa wawili kiganjani, akanionyesha. Akaniuliza nani alichimba karo pale mwaka gani, nikamwambia 2021, akasema mizizi ya upande ule ilikatwa hapo. Anasema shina lina uzima wa kutosha: ataondoa matawi mawili yanayoelekea kwenye tanki, atapunguza uzito upande wa jikoni, mchwa atawashughulikia, na baada ya masika atarudi kuugonga tena bila malipo. Ukilia debe mpaka katikati, ataniambia tuuage. Laki tatu na nusu, magogo yangu, tumeandika kwenye daftari na mwenyekiti wa mtaa ameweka saini. Kaka Sinza, nimemwambia kijana hapandi bila kamba ya kujifunga kiunoni. Alikuwa nayo.

Kaka Sinza
Hapo sawa, dada. Tupia picha wakimaliza.