Programu ya kukokotoa dozi ya mionzi: tuipime vipi?

Swali: Wenzangu, katika uwanja (eneo linalopigwa na miale) wa sentimita 10 kwa 10, programu yetu inatofautiana na vipimo vya ndani ya maji kwa chini ya asilimia 1. Je, hilo latosha kabla ya kutibu wagonjwa?

Jibu: Halitoshi, ndugu, kwa kuwa maji ni mtihani mwepesi. Weka kipande chenye msongamano wa pafu, takriban gramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo, upime ndani yake; kanuni za ukokotoaji za zamani, zisizofuatilia mtawanyiko wa elektroni, huonyesha dozi kubwa kuliko inayofika kwenye uvimbe wa saratani ulio ndani ya pafu.

Jibu: Naongeza viwanja vidogo: kipimio cha mionzi kikiwa kipana kuliko uwanja wenyewe, usomaji hushuka, nawe ukadhani programu imekosea.