Tupeane uzoefu: kijijini kwenu kuna daktari anayekujua?

MtuWaMalinyi
Wakuu, salaam.

Mama yangu ana presha, mwaka wa tisa sasa. Yuko kijijini, wilaya ya Malinyi, Morogoro. Zahanati ipo. Tulichanga tofali na nguvu zetu wakati wa MMAM, ule mpango ulioanza 2007 wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Jengo zuri, ila mtumishi ni muuguzi mmoja tu. Nilipokwenda wiki iliyopita nikakuta karatasi ya daftari imebandikwa mlangoni kwa plasta ya vidonda: "Nimefuata dawa wilayani. Narudi Alhamisi. Mjamzito apige simu," na namba yake chini. Simlaumu hata chembe. Dada yule anazalisha, anachanja, anafunga vidonda na kufagia, peke yake.

Basi mama anakwenda Ifakara. Daraja la mto Kilombero limetuondolea adha ya kivuko, lakini masika barabara bado ni ile ile. Akifika anakuta daktari mwingine, anaanza upya: umri, presha ilianza lini, anameza nini. Kadaftari kake kalilowa mvua, kurasa zikagandana. Mwezi Machi akaandikiwa tena vidonge vile vile ambavyo mwaka juzi vilimvimbisha miguu hadi ndala hazikuingia. Angekuwepo mtu mmoja anayemjua, hilo lisingetokea. Wenzetu humwita daktari wa familia. Mimi hata akiwa tabibu nashukuru, ila awe yule yule.

Kwenu hali ikoje? Nani anawatibu, na amekaa muda gani?

TabibuZiwani
Pole na mama, mkuu. Mimi ni tabibu, diploma ya miaka mitatu, zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Watu wananiita dokta nami naitika, lakini tuelewane: kwa utaratibu zahanati huwa chini ya tabibu. Mwenye digrii utampata kituo cha afya ukibahatika, la sivyo hospitali ya wilaya. Kwa hiyo mtu wa kijijini anaweza kuzeeka bila kuguswa na daktari.

Mwaka wangu wa kwanza, usiku, mama mmoja alijifungua salama, kondo likagoma. Damu inatoka. Nimechoma sindano, nimetundika dripu. Taa ni tochi ndogo, mama mkwe wake kaing'ata kwa meno maana mikono yote imembeba kichanga. Barabara hakuna. Tukamlaza kwenye boti ya injini, nikakaa kichwani kwake nimeinua chupa ya dripu, saa tatu nzima majini. Kila wimbi likipiga namwita jina ili nisikie kama anaitika. Alipona. Yule kichanga sasa anasoma darasa la kwanza, na akinipita njiani lazima anisalimie.

Nimebaki hapa kwa sababu kijiji kilinipa nyumba. Walionitangulia wawili walilala stoo ya dawa, wakaomba uhamisho.

Bibi_Namtumbo
Nakazia hapo kwenye nyumba. Kituo chetu cha afya tuliletewa daktari kijana, mpole, anakaa na mgonjwa mpaka amalize kusema. Miezi minne akaondoka. Mkewe ni mwalimu mkoa mwingine, mtoto wao mdogo, nyumba ya kupanga haina choo. Alikuja kuniaga, akaniandikia kwa herufi kubwa dawa zangu za sukari. Nililia kama nafiwa.

DaktariMtaani
Nasoma uzi huu kwa uchungu. Udaktari miaka mitano, utarajali mwaka mmoja, nimesajiliwa. Mwaka wa tatu huu nauza duka la dawa Mbagala. Mnakumbuka Machi 2017 Kenya walipoomba madaktari 500 kwetu baada ya mgomo wao? Mahakama kule ikazuia, serikali yetu ikaamua kuwaajiri 258 walioomba kwenda. Maana yake watu walikuwa mtaani muda wote, na zahanati nazo zilikuwepo. Nikisikia "madaktari hawataki vijijini" naumia. Mimi sijakataa kijiji. Sijapangiwa.

Wa_Kitui
Mimi niko Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifunza madaktari wa familia, lakini huku mashinani bado hatuwaoni. Mwaka wa 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wakasambazwa kwenye kaunti. Walifanya kazi, tusiwanyime haki yao. Lakini nyanya yangu alihitaji wakalimani wawili: mmoja wa kutoa Kikamba kwa Kiswahili, mwingine wa kupeleka kwa daktari. Maumivu yakipita midomo miwili yanafika yamebadilika.

MkungaMstaafu
Wanangu, kwa walio Tanzania: mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42, au kichanga cha chini ya siku 28 akipata dharura, pigeni 115, ni bure. Huo ni usafiri wa m-mama. Wekeni hiyo namba kwenye simu ya kila mtu nyumbani, hata ya baba. Daktari hatakuwepo kijijini leo wala kesho, lakini gari linaweza kufika.

Na wewe wa Malinyi, majina ya dawa za mama yaandike pia nyuma ya mlango wa chumba chake. Mlango haulowi.

MtuWaMalinyi
Shikamoo mama, nimeandika leo leo, pamoja na vile vya kumvimbisha, nimevikata kwa kalamu nyekundu.

DaktariMtaani, ajira siwezi kukupa. Ila tanuru la tofali za nyumba ya mtumishi tumelichoma mwezi uliopita. Vyumba viwili, jiko na choo. Likitoka tangazo, ukipewa nafasi ya kuchagua, andika Malinyi.

DaktariMtaani
Maji yako umbali gani?

MtuWaMalinyi
Kisima kiko kama hatua mia mbili. Hata Oktoba hakikauki.