Nimehitimu urembo: laki nane niiweke kwenye kozi ipi?

Binti Temeke
Wadau habari, na wakubwa shikamooni. Nina cheti cha NVA (cheti cha ufundi cha VETA) ngazi ya pili cha urembo. Usafishaji wa uso, pedikyua na waksi ya mikono na miguu naviweza. Nimepata kiti cha kamisheni saluni, na nina laki nane ya kozi fupi. Nachagua kati ya kope za kuunganisha, kucha za jeli na akriliki, kuchubua uso kwa asidi, na leza ya kuondoa nywele ya siku mbili. Nianze na ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi Kucha
Kucha. Mteja wake anarudi kila wiki mbili tatu kujaziwa, na kwenye kamisheni anayerudi ndiye anayekulisha. Kabla ya kulipa, omba uoneshwe chupa ya maji ya akriliki wanayofundishia. Ya bei chee yenye kemikali ya MMA yana harufu kali mno, na asetoni haiyeyushi kucha yake kirahisi. Mwisho inang'olewa kwa nguvu na kuondoka na tabaka la kucha ya asili. Unataka yenye EMA, kemikali iliyo salama zaidi.

Kwenye jeli, uliza kama taa yao inaendana na jeli yao. Jeli ikikauka juu, chini ikabaki mbichi, ndiyo inaleta aleji: muwasho, vidole kuvimba, kucha kuachia. Bakiza upenyo wa karibu milimita moja kutoka kwenye ngozi. Ikigusa ngozi, futa kabla hujawasha taa, siyo baada.

Kope Mia
Mdogo wangu, kope zinalipa pia, ila kagua chumba kabla ya mwalimu. Gundi ya kope hukaushwa na unyevu wa hewani, na nyingi zimetengenezwa kwa unyevu wa asilimia 45 hadi 60. Dar mvua za masika zikianza tunapita 80. Gundi inakauka kwenye kibanio kabla haijagusa kope, kesho yake zinapukutika. Anayejifunza anadhani gundi ni kidogo, anaongeza, kope zinashikana na za asili zinang'oka. Darasa lisilo na kiyoyozi na kipima unyevu, pita.

Anza na moja kwa moja: kope moja ya bandia ya milimita 0.15 kwa kope moja ya asili. Mafungu ya kope nyembamba za milimita 0.07 yasubiri mkono wako utulie. Tone la gundi libadilishe kila dakika 15 au 20. Na mteja mpya ajaribiwe gundi saa 24 hadi 48 kabla, hata akikuambia ana haraka ya harusi.

Dada wa Ngozi
Leza ya siku mbili iache kabisa. Mwanga wake hufuata rangi nyeusi ya nywele, na ngozi zetu zina rangi hiyo hiyo, kwa hiyo mashine isiyofaa inaunguza ngozi yenyewe. Kwa ngozi nyeusi inayotegemewa ni leza aina ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, nayo siku mbili hazitoshi kuijua.

Asidi iwe ya pili, baada ya kucha. Kozi nzuri itaanza na asidi za upole, mandeliki au laktiki, siyo kukukabidhi glaikoliki kali siku ya kwanza. Ngozi yetu ikiungua kidogo tu inaacha weusi wa miezi.

Tatizo kubwa zaidi ni mkorogo. Ukimuuliza mteja "unatumia mkorogo?" atakataa. Muulize "usiku unapaka nini?" kisha angalia vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi na mishipa inayoonekana mashavuni. Ngozi iliyofanywa nyembamba na steroidi za mkorogo hubanduka na waksi, na kwa asidi huungua. Anayepaka krimu ya retinoli aiache kama wiki moja kabla ya waksi ya uso. Aliyemeza isotretinoini, vidonge vya chunusi, miezi sita.

Fundi Kucha
Naongezea: kozi yoyote isiyogusa usafi wa vifaa ni hasara. Kile kisanduku cha taa ya bluu hakiui kila kitu. Vifaa vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, maana klorini ya Jik huishiwa nguvu kwenye uchafu. Kisha Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, dakika 10, suuza na kausha mara moja, la sivyo chuma kinashika kutu. Vinavyoweza kutoa damu viende kwenye otoklevu (mashine ya mvuke wa shinikizo), nyuzi 121 kwa dakika 15.

Binti Temeke
Asanteni sana. Kucha kwanza basi. Mabibi harusi wananiulizia singo ya kusugua mwili na piko, ile michoro myeusi ya mikono na miguu, nazo zina kozi?

Kope Mia
Singo kaa na somo anayeijua, utajifunza kuchanganya karafuu, liwa na mawaridi bila ada ya darasa. Piko ndiyo ya kuangalia. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa, ikakolea kuwa hudhurungi baada ya siku moja au mbili. Inayotoka nyeusi tii ndani ya saa moja ina PPD, ile ya rangi ya nywele: malengelenge, makovu, na aleji isiyoondoka. Jifunze kuchora, nunua hina ya majani. Akitaka nyeusi, mwambie huna.