Nimetolewa kilomita ya 31 Afrika Kusini, na ofisi nzima ilinichangia. Naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtumishi wa umma, niko Dodoma, ofisi yetu ni kule Mtumba. Wale wa "kwani nani alikutuma" naomba mpite kimyakimya.

Nimerudi Afrika Kusini kwenye triathloni ya umbali kamili, zile za Ironman. Kwa asiyezijua: unaogelea kilomita 3.8, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita 180, ukishuka unakimbia marathoni nzima ya 42.2. Yote siku moja, ndani ya masaa 17. Na humo njiani kuna mageti ya muda. Kwa kawaida maji yanafungwa baada ya masaa 2 na dakika 20, baiskeli masaa 10 na nusu tangu mbio zianze. Ukichelewa unavuliwa kifaa cha muda cha mguuni, unapanda gari.

Mimi muda haukunikata. Kuogelea kulienda vizuri, pamoja na kwamba mazoezi yangu ni bwawa la hoteli la mita 25, kwenda na kurudi mpaka mhudumu anaona huruma. (Mtera sikuthubutu, mamba wa pale hawajui mazoezi.) Baiskeli ndiyo fani yangu, na upepo wa bahari haukunishangaza, nimeshakula upepo wa Julai njia ya Kibaigwa. Kwenye kukimbia tumbo likagoma. Maji yanarudi, jeli (ile ya wanga ya kula njiani) inarudi, soda inarudi. Kufika kilomita ya 31 natembea huku naona taa mbilimbili. Daktari wa mbio akanikalisha, akaniuliza leo ni siku gani, nikamtajia jina la mwanangu. Akanitoa. Kwenye matokeo mtandaoni nimeandikwa DNF, hakumaliza.

Sasa shida iko hapa. Safari hii ilikuwa na grupu la mchango, mwenyekiti na mweka hazina, kamati kamili kama ya harusi. Jumamosi wameniandalia hafla na bosi amealikwa. Mwenyekiti nimeshamwambia ukweli, jibu lake: "Nyamaza, nani atakwenda kuangalia? Wakijua hujamaliza, kesho nani atachangia mwingine?" Tena anataka nitangaze palepale kuwa mwakani narudi. Mume wangu anasema imetosha. Nifanyeje? Nirudishe hela za watu?

Kipanga wa Nala: Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Kilomita 180 mimi hata kwenye bodaboda nashuka nanyoosha mgongo mara tatu.

Mchakamchaka: Pole kaka. Ila umesahau tulikotoka? Mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, kaingia uwanjani giza limeshaingia, watu wameanza kuondoka, na akamaliza. Zilikuwa zimebaki kilomita 11 tu, ungejikokota.

Mleta uzi: Mimi ni dada, sio kaka. Na Akhwari nimetajiwa wiki hii na kila mtu mpaka mlinzi wa getini.

Muuguzi wa Zamu: Mchakamchaka usipotoshe watu. Akhwari alianguka akaumia goti, ila kichwa kilikuwa timamu. Mtu asiyejua leo ni siku gani hajikokoti, anatolewa, na huyo daktari alifanya kazi yake. Na kwa taarifa yako, marathoni ile ya Mexico walianza 75 wakamaliza 57. Wale 18 nao walikuwa wanariadha wa Olimpiki, sio walegevu.

Dada, kuchanganyikiwa na kutapika kwenye mbio ndefu hivyo kunaweza kuwa joto, sukari kushuka, au chumvi ya damu kushuka. Hiyo ya chumvi inawapata zaidi wanaokunywa maji matupu kwa wingi saa nyingi, ubongo unavimba, na watu wamekufa nayo. Kama mkojo umekuwa mweusimweusi kama soda ya kola, au bado unahisi hovyo, nenda leo hospitali wakupime figo na chumvi. Diklofenaki ya maumivu ya miguu usiiguse mpaka upimwe.

Kuhusu tumbo: ukikazana kwa masaa mengi damu inakimbilia kwenye misuli na kwenye ngozi, utumbo unabaki na kidogo. Jeli ikiingia inakaa tu, halafu inarudi. Tumbo linazoeshwa kidogokidogo. Wengi wanalenga gramu 60 za wanga kwa saa, wengine hadi 90, lakini unaanza na kidogo huko huko njia ya Kibaigwa, kwenye jua, na vitu vilevile utakavyotumia siku ya mbio.

Mama Kamati: Naomba niongee la hela, hayo ya gramu siyawezi. Nimekuwa mweka hazina wa kamati zaidi ya ninazoweza kuhesabu. Mdogo wangu, watu walichangia uende, na umekwenda. Harusi ngapi tumechangia na ndoa haikumaliza hata mwaka, nani aliwahi kurudishiwa? Unachodaiwa ni mrejesho: tiketi kiasi gani, ada ya mbio, malazi, kilichobaki kiko wapi. Uandike mwenyewe kwenye grupu, kabla ya Jumamosi, na kilomita 31 uziandike humohumo. Mwenyekiti anajilinda yeye. Siku kijana mmoja wa masijala akifungua matokeo kwenye simu, hutaonekana na huyo mwenyekiti, utaonekana peke yako.

Na mwakani usiitaje mbele ya bosi. Ahadi ya hadharani ni deni, halafu hilo deni utakuwa unalilipa na mume wako.

Risiti Kwanza: Mimi napinga. Kilichobaki, hata elfu ishirini, kirudi kwa mweka hazina. Nimechoka kuchangia watu nisione hata risiti.

Mama Kamati: Hapo sijapinga.

Gia Nyepesi: Dada, kabla hujaamua juu ya umbali kamili, Rubavu pale Rwanda kumekuwa na nusu yake tangu 2022: kuogelea 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Ziwa Kivu halina mamba. Vilima vipo vya kutosha, ila huko unafika kwa basi, hakuna haja ya kamati. Utajua kama tumbo limejifunza bila kuweka rehani jina lako ofisini.

Mleta uzi: Asanteni. Mkojo uko sawa, ila kesho napitia hospitali kabla ya kazi. Mrejesho nimeuweka kwenye grupu saa moja iliyopita, pamoja na DNF yenyewe. Mwenyekiti ametoka kwenye grupu. Bosi ameandika "pole sana, Jumamosi iko palepale". Rubavu nitaongea na mzee nyumbani taratibu, leo hasira bado.

Kipanga wa Nala: Mzee akikataa na ukaamua kuuza baiskeli, njoo PM na bei ya mwisho.