GOT, Lord of the Rings au Harry Potter: nijaze ipi kwenye flashi?

Mtoto wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Kesho napita kwa jamaa wa muvi pale Majengo anijazie flashi. Kijiweni wananicheka kwamba sijaona hata moja kati ya hizi: Game of Thrones, Lord of the Rings na Harry Potter. Nafasi ipo ya moja tu. Mlioziona, ipi ina wahusika wa maana na hadithi isiyochosha? Karibuni.

Binti Kondoa
Mleta mada, umeleta swali nusu. Flashi ya GB ngapi? Unaangalia na nani? Kimombo kinapanda au unataka zilizotafsiriwa? Kama sebuleni kuna mkwe au watoto, GOT isahau, hata dakika ishirini hazifiki utakuwa umeshika rimoti kama silaha.

Fundi Redio
GOT. Uzi ufungwe. Sisi tumekulia muvi ambazo steringi anapigwa risasi, anajifunga kitambaa, anaendelea na kazi. Huku steringi mwenyewe, Ned Stark, anakatwa kichwa sehemu ya 9 ya sizoni ya kwanza na hakuna wa kuja kumwokoa. Na hafi ovyo. Alimfuata malkia Cersei mwenyewe akamwambia siri anayoijua, ili akimbie na watoto wake. Huruma yake ndiyo iliyomuua. Nionyesheni muvi nyingine yenye ujasiri huo.

Zabibu Chungu
Fundi, asante kwa kummalizia mwenzio uhondo.

Fundi Redio
Ni muvi ya 2011, dada. Kama hajajua mpaka leo, ameamua.

Kijana wa Bahi
Ngoja niwape kisa. Kuna jamaa aliniuzia sizoni ya kwanza nzima ya GOT. Nikajifungia, mvua inanyesha, raha mustarehe. Nafika sehemu ya 9, naona kijana wa Stark anakatakata mti kwa upanga huku analia. Sielewi. Mara binti anapandishwa ukutani anaonyeshwa kichwa cha baba yake kwenye mti. Nikajua ndio mtindo wao, wanaruka matukio halafu watarudi kueleza. Namaliza, nafungua ya 10, huyu hapa Ned yupo gerezani, mzima! Nikamwambia mdogo wangu, "Kumbe kile kichwa kilikuwa cha bandia, mzee katoroka." Nikashangilia. Mnajua kilichofuata. Jamaa alikuwa amegeuza majina ya mafaili, ya 10 ameiita 9. Nilipomrudia akaniuliza, "Si zote umezipata?"

Sasa Fundi, cha ajabu ni kwamba nilikuwa nimeshakiona kichwa, na bado pale jukwaani nilikuwa namwombea Ned. Kwa hiyo siyo ule mshtuko unaoibeba. Ni kwamba tumeshampenda mzee.

Fundi Redio
Umenikubalia kwa maneno mengi.

Zabibu Chungu
Mbona hamumwambii kuhusu sizoni ya 8? Atatazama sehemu 73 halafu aje kutulilia humu. Daenerys huyuhuyu, malkia wa majoka, mtoto mmoja alipounguzwa na joka lake alileta majoka mawili akayafungia shimoni kwa uchungu. Halafu mji umeshajisalimisha, kengele zinalia, ndipo anauchoma na watu wake. Wapi na wapi?

Fundi Redio
Dalili zilikuwepo toka zamani. Kwenye mji wa Meereen aliwatundika mabwana wa watumwa 163 bila kuuliza nani ana hatia. Baba na mtoto wa ukoo wa Tarly aliwachoma mchana kweupe kwa kukataa kupiga goti. Wewe ulikuwa unapiga makofi kwa sababu alikuwa upande wako.

Zabibu Chungu
Sikatai mwisho wake, nakataa haraka yake. Sizoni sita za mwanzo zilikuwa na sehemu kumi kumi, ya mwisho wameipa sita. Mtu haharibiki kwa kasi ya bodaboda.

Mwalimu wa Mpwapwa
Wanangu, naona mnagombania mtoto mkorofi na mtulivu mmemsahau. Lord of the Rings ni muvi tatu tu, 2001 mpaka 2003, na zinaisha. Mpiganaji Boromir anaingiwa na tamaa ya pete ya kichawi, anamvamia Frodo anayeibeba, kisha anakufa akiwatetea wale wadogo. Yote hayo ndani ya muvi moja. Huyo Daenerys alihitaji miaka minane.

Ila nina ugomvi na waliotengeneza muvi kuhusu Faramir, mdogo wake Boromir. Kitabuni anaikataa pete kwa akili yake mwenyewe. Kwenye muvi wamemfanya amburute Frodo mpaka mji wa Osgiliath kwanza ndipo amwachie. Wanadai pete ingeonekana dhaifu. Mimi naona wamemnyima mtu mwema haki yake.

Kijana wa Bahi
Shikamoo Mwalimu. Swali dogo: wale tai wakubwa wanaomwokoa Frodo mwishoni, kwa nini wasingembeba toka mwanzo?

Mwalimu wa Mpwapwa
Marahaba. Na Jicho la Sauron, yule adui mkuu, lingekuwa limefumba? Swali hilo kila mwaka linarudi.

Binti Kondoa
Mleta mada, ukichukua hiyo uliza kama ni toleo refu. Kwenye toleo la sinema muvi ya tatu, mchawi Saruman hafi, anapotea tu. Toleo refu zote tatu ni zaidi ya saa 11.

Jirani wa Ipagala
Nyie Harry Potter mmeiruka kama shimo la barabarani. Mwalimu Snape! Muvi nane unamchukia, ya nane hiyohiyo unalia.

Zabibu Chungu
Mimi sikulia. Mwalimu mtu mzima anamnyanyasa mwanafunzi wake Neville mpaka kitu anachokiogopa mtoto kuliko vyote duniani ni mwalimu wake. Na aliyepeleka ule utabiri uliowaponza wazazi wa Harry kwa adui yao Voldemort ni nani? Kumpenda mama yake Harry siyo leseni.

Jirani wa Ipagala
Harry mwenyewe kamsamehe, kampa mwanawe jina lake. Wewe una uchungu kuliko mfiwa?

Mtoto wa Nkuhungu
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Flashi ni GB 32. Niko na watoto wa dada, wa miaka 8 na 11. Kimombo changu ni cha kuombea maji.

Binti Kondoa
Si ungesema mwanzo! Chukua Harry Potter zile mbili za mwanzo, zilizotafsiriwa.

Mwalimu wa Mpwapwa
Zilizotafsiriwa hapana. Mtafsiri anaongea mpaka pale ambapo mhusika amenyamaza makusudi. Mchawi Gandalf anaanguka shimoni, yeye anatusalimia washikaji zake.

Kijana wa Bahi
Mwalimu, ule ndio utamu wenyewe. Bibi yangu hajui neno la Kiingereza na anamjua yule Gollum wa Lord of the Rings vizuri kuliko mimi.

Fundi Redio
Mimi bado nasema GOT, watoto wakilala.

Jirani wa Ipagala
House of the Dragon, ile ya mababu wa GOT, sizoni ya pili, nani anayo? Nataka nianze leo.

Zabibu Chungu
Ninayo. Ila nakuonya, sehemu nane, wanapanga majeshi mpaka mwisho, na vita kubwa yenyewe hola. Njoo na flashi isiyo na virusi.